Kumsemesha Mkwe kwa Kiingereza

Makazi ya Wafanyakazi wa Mkonge,
Ngombezi, Korogwe.

Kwa kaka yangu mkubwa, Mhina,
Handeni.

Kaka yangu mheshimiwa,

Shikamoo.

YAHUSU: OMBI LA UAMUZI WAKO JUU YA MIMI KUKAA USO KWA USO NA MKWE WANGU DARASANI

Ninakuandikia kwa kusudi moja tu, nalo nalitaja mapema ili usisome kwa kubahatisha. Ninaomba uniamulie jambo ambalo nimeshindwa kuliamua mwenyewe, na ambalo limenitia hofu kubwa kuliko hofu zote nilizopata kuwa nazo tangu niondoke nyumbani. Nakuomba uisome barua hii hadi mwisho kabla ya kukasirika.

Kabla sijaingia katika kiini chake, ni wajibu wangu kukujulia hali. Je, kidonda cha mguu uliokatwa na jembe kimefunga? Mahindi ya bondeni yamestahimili jua hili? Mke wangu, shemeji yako, alinieleza kwamba mwanangu Shabani alishikwa na homa akapelekwa zahanati, na kwamba sasa ni mzima. Ningefarijika zaidi kama wewe ungepita ukamtazama kwa macho yako. Mimi huku nina afya ya kadiri. Bado nipo katika chumba cha brashi, pale ambapo singa za mkonge zilizokauka hupigwa ziwe laini kabla ya kufungwa marobota. Vumbi ni lile lile na kikohozi ni kile kile. Mashine ina kelele kiasi kwamba mtu akitakiwa haitwi, huguswa bega.

Huenda ukajiuliza kwa nini sikupiga simu. Wewe hupatikana kwa simu ya nyumbani kwangu tu, na simu hiyo, sehemu yake ya sikioni ilikwisha kufa. Kila neno hutoka kwa spika, nyumba nzima ikasikia. Jambo hili halistahili kusikika hivyo. Utaona mbele kwamba limekwisha kusikika, na ndiyo sababu ninaandika.

Kama unavyofahamu, tangu mwaka jana nimejiunga na darasa la watu wazima pale Masuguru, kwa nia ya kufanya mtihani wa sekondari nikiwa mtahiniwa binafsi. Wewe mwenyewe ulinikubalia, ukasema umri si hoja. Msimamizi wetu amenieleza bayana kwamba nafasi ya karani wa ghala haitapewa mtu asiye na cheti, hata awe na mwandiko mzuri namna gani. Mwandiko mzuri ninao. Wenzangu huniletea maombi yao ya likizo niwaandikie, na hakuna hata moja lililorudishwa kwa kosa la lugha. Somo linalonitisha ni Kiingereza, na ndani ya Kiingereza ni kukisema. Kukisoma nakisoma, kamusi niliyonunua stendi nimeipitia mpaka jalada limeachia. Lakini neno likitoka kichwani na kufika kooni, hugeuka na kurudi lilikotoka. Unakumbuka shuleni kwetu, mtoto aliyeshindwa kujibu aliachwa amesimama mpaka mwingine ajibu. Nadhani Kiingereza cha darasa la sita mimi nilikisoma chote nikiwa wima.

Mwalimu wetu anaitwa Neema. Ni binti wa Kisambaa kutoka milimani, mwenye sauti ya upole na msimamo mgumu. Mwanzoni alitufundisha kwa yeye kutamka na sisi kuitikia kwa pamoja. Niliupenda sana utaratibu huo. Darasa zima likiitikia, hakuna ajuaye nani amekosea. Mimi nilikuwa nikifungua mdomo bila kutoa sauti, kisha nikapanda baiskeli yangu kurudi Ngombezi na amani moyoni.

Baadaye akaubadilisha. Alisema haiwezekani watu wazima waimbe kama kwaya kisha waende kwenye mtihani wakiwa mabubu. Akatugawa katika vikundi vya watu wanne wanne, viti vikaangaliana. Kila mmoja hupewa kipande chake cha somo, akakisoma peke yake hadi akielewe, kisha akawafundisha wenzake watatu. Asipokifundisha, wenzake wanabaki na pengo, kwa kuwa hakuna mwingine mwenye kipande hicho. Halafu mwalimu humsimamisha yeyote ampendaye, bila taarifa, ajibu kwa niaba ya kikundi, na alama atakayopata ni ya wote.

"Hapa hamshindani," alituambia. "Hapa mnabebana."

Aliwapanga watu kwa kuhesabu, siyo kwa kuchagua. Katika kikundi changu aliingia Hamza, kijana wa bodaboda, na Bi Rukia, anayeuza chapati stendi. Wa nne alikuwa mwanamke aliyehamishwa siku ile kutoka darasa la asubuhi. Aliingia amechelewa, mtandio umeshuka hadi kwenye paji la uso. Alipouinua ili aone pa kukaa, kaka, nilimtambua. Alikuwa Mama Mdogo Salima.

Nakukumbusha ni nani, maana hujamwona siku nyingi. Ni mdogo wa mwisho wa Mama Mkwe, aliyeolewa na fundi cherehani wa pale Masuguru. Kwa umri mimi nimemtangulia. Kwa hadhi ni mama mkwe wangu kamili. Siku ya ndoa yangu wewe mwenyewe ulinionyesha kwa kidevu ukaniambia, "Na yule pia. Usimtazame, usicheke naye, usikae naye mkeka mmoja." Nimelishika agizo hilo bila kulipunguza.

Niliinua kiti changu nikakigeuza, kikaelekea ukutani.

"Mzee Athumani, vipi?" Hamza aliuliza. "Umeona nyoka?"

"Nimeona mkwe," nilimjibu kwa sauti ya chini.

"Sasa mkwe ndiyo nini? Anauma?"

Bi Rukia alimchapa kofi la bega. "Wewe Hamza hujaoa, nyamaza! Mkwe wako wewe ni pikipiki."

Kipindi kilipokwisha nilimwendea Mwalimu Neema, nikamweleza kwa mpangilio mzuri. Alinielewa upesi. "Hata kwetu milimani mkwe ni mkwe, baba," alisema. "Vumilia wiki hii moja, wiki ijayo nitakuhamisha." Nilimshukuru, nikaamini kwamba habari imefika mwisho wake.

Lakini wiki hiyo moja ilibidi tufanye kazi. Somo lilikuwa mazungumzo ya hospitali. Kipande changu kilikuwa maswali ya daktari, na chake kilikuwa majibu ya mgonjwa. Nilikaa nimeukabili ukuta, na kila swali nikalipitisha kwa Hamza. Nilisema kwa Kiingereza, "Hamza, muulize mkwe wangu, mtoto anaumwa tangu lini?" Naye Hamza akageuka akauliza kama mkalimani wa mahakama. Bi Rukia alininong'oneza kwamba huko darasa la asubuhi mama huyu hakupata kufungua mdomo hata mara moja, na kwamba kila alipoitwa alilia.

Halafu nyuma yangu nikasikia sauti nyembamba ikijibu kwa Kiingereza kwamba mtoto ana homa, kwamba tangu jana hajala, kwamba usiku alitetemeka. Sentensi tatu kamili. Nami bila kufikiri nikamuuliza swali la pili moja kwa moja, nikauambia ukuta, na neno halikurudi kooni. Lilitoka zima.

"Mama yangu!" Hamza alipiga kelele. "Leo ukuta umeongea!"

Wiki iliyofuata Mwalimu Neema alikuja kunihamisha, lakini Bi Rukia alikuwa amekwisha kupewa ujumbe aniletee. Ujumbe ulikuwa huu: "Mwambie mkwe wangu asihame. Watu wakinitazama nasahau hata jina langu. Yeye hanitazami, ndiyo maana naweza." Bi Rukia aliongeza kwamba Mama Mdogo anasaidia watoto katika shule ya chekechea ya jirani, na ameahidiwa kuajiriwa akipata cheti. Asipokipata, nafasi hiyo ataichukua mwingine.

Nikabaki. Kama kuna kosa, kaka, lilianzia hapo, na nataka ulipime kwa haki.

Tangu siku hiyo tumesoma tukiwa tumepeana mgongo, mimi na yeye, na hao wawili wakiwa katikati yetu. Nakiri kwamba tumefanya vizuri. Bi Rukia amethubutu kumuuzia chapati mzungu aliyeshuka kwenye basi la Arusha, akamtajia bei na kumwambia ajihadhari na moto. Hamza, aliyejua Kiingereza cha mpira tu, sasa anaweza kueleza ajali tangu ilipoanza hadi ilipokwisha. Mimi nikiwa kazini, katika kelele za mashine ambapo hakuna wa kunisikia, husema kwa sauti sentensi zote ninazoziogopa. Msimamizi aliona midomo yangu ikitikisika, akanigusa bega akauliza kama ninaswali. Kwa upande wa heshima, nimejitahidi nisiipoteze. Kila mazungumzo naanza na shikamoo. Mwalimu amenifafanulia mara nyingi kwamba Kiingereza hakina salamu hiyo, na kwamba ile ya habari ya asubuhi inatosha. Haitoshi. Siwezi kumwamkia mkwe wangu kama ninayemwamkia mpita njia. Kwa hiyo naitoa shikamoo kwanza kwa Kiswahili, naye huitikia, ndipo Kiingereza kinaanza.

Sasa nafika penyewe.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu kuna jaribio la ndani, na watakaofaulu ndio majina yao yatapelekwa kusajiliwa kwa mtihani. Atakuja mwalimu mgeni wa kutusikiliza, ili pasiwepo upendeleo. Mazungumzo yalipangwa kwa kura mbele ya darasa zima. Kura yetu imeangukia daktari na mama mwenye mtoto mgonjwa. Daktari ni mimi. Mama ni yeye. Inatakiwa tukae tukitazamana, tupeane mkono, nimuulize habari za mtoto, kisha ninyooshe mkono nimguse mtoto kwenye paji. Mtoto ni wa kitambaa, ameshonwa na yule mume wake fundi, lakini atakuwa amepakatwa na mkwe wangu.

Nilimsihi Mwalimu Neema atuombee kukaa kwa kupeana mgongo kama tulivyozoea. Alimpigia simu yule mgeni mbele yangu. Nilimsikia mgeni akijibu, "Daktari gani anampa mgonjwa mgongo? Kama hawawezi, wasije." Kura haibadilishwi, na kikundi hakivunjwi. Mmoja wetu asipokaa kwenye kiti chake, wote wanne hatuna alama.

Hilo lingetosha kunitisha. Lakini Jumamosi iliyopita tulikuwa tukijizoeza, mlango uko wazi kwa sababu ya joto. Mtoto wa kitambaa hakuwepo, Hamza akajitolea kuwa mtoto. Alijilaza kwenye madawati mawili, miguu imening'inia, akaanza kulia kwa Kiingereza kwamba hataki sindano, anataka chipsi mayai. Wote tulicheka. Nami katika kucheka nikajisahau, shingo ikageuka. Nilimwona mkwe wangu akicheka, naye akaniona ninacheka. Ilikuwa kufumba na kufumbua, kaka. Niliurudia ukuta upesi.

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke wa kijijini kwetu, yule anayeuza ufuta, amekuja kumtafuta Mama Mdogo. Alitutazama mmoja mmoja.

"Haya!" alisema. "Kumbe Handeni mnaangalia chini, mkifika Korogwe mnaangaliana!"

Akaondoka. Hata karibu hakungoja kuambiwa.

Jumatatu shemeji yako alinipigia. Nakuandikia maneno kama yalivyosemwa.

"Baba Shabani, unacheka na Mama Mdogo?"

"Ni somo," nilimjibu.

"Somo gani la kucheka?"

"La hospitali."

"Huko hospitali watu wanacheka? Mama amesikia. Yuko hapa. Anasema mwanamume anayemkodolea macho mkwe wake hana mke. Anataka nifunge vitu vyangu nimfuate na watoto mpaka apatikane wa kumweleza."

Nilipotaka kueleza, nikasikia sauti ya Mama Mkwe mwenyewe nyuma yake. "Muulize, walishikana mikono?"

Nilikata simu. Nakuomba unielewe vizuri katika hili. Sikuikata kwa jeuri, wala kwa kuwa na hatia. Niliikata kwa sababu mkwe wangu ndiye aliyeuliza, na mimi sina ruhusa ya kumjibu mkwe wangu moja kwa moja, hata kwa simu. Yule ninayepaswa kumtoa wasiwasi ndiye nisiyeweza kumsemesha. Naogopa kwamba kule kukata simu kumeeleweka kuwa ni ndiyo.

Mikono hatujashikana. Nakuandikia hili kwa kiapo.

Tangu siku hiyo chakula hakinipiti. Nikisikia simu ikiita hudhani ni habari kwamba nyumba yangu ni tupu. Mama Mdogo naye ameingia katika hofu yake. Dada yake hapokei simu zake. Mume wake, yule fundi, amesema yeye hana neno, anajua ni masomo, lakini amesema pia kwamba yeye si wa kumsemea dada mtu. Katika kipindi kilichopita mkwe wangu hakuzungumza kabisa, Kiingereza wala Kiswahili, na mwalimu alipomwita nilimsikia akilia, kama walivyosema alikuwa akilia darasa la asubuhi. Bi Rukia alimfuata nje, akarudi na maneno haya kwa ajili yangu:

"Mwambie mkwe wangu, nimefikiri. Siku hiyo mimi nitatazama kifungo cha shati lake, yeye atazame pindo la mtandio wangu. Mgeni atadhani tunatazamana. Akijitoa sitamlaumu. Ila asijitoe bila kuniambia."

Kuhusu mkono hakusema chochote, nami sikuuliza.

"Mzee, usituangushe," Hamza aliniambia akiwasha pikipiki. Safari hii hakuwa anatania. "Mimi sijawahi kufaulu kitu."

Kaka, sisemi kwamba mila yetu ni upuuzi, na sitaki mtu yeyote huko aseme kwamba Athumani kasoma, sasa anaidharau. Ninaiogopa na ninaipenda. Katika darasa zima, heshima hiyo ndiyo iliyompa mwanamke yule mahali pa kutolea sauti, na mimi pia. Ninachouliza ni kama heshima inaweza kuvumilia mazungumzo mafupi yenye macho na mkono, mbele ya mashahidi, kisha irudi mahali pake siku ile ile. Mimi sijui. Hili halimo katika kamusi, wala Mwalimu Neema hana mamlaka nalo. Wewe ndiye uliyekalia nafasi ya baba, wewe ndiye uliyepeleka posa, na Mama Mkwe, kupitia kwa kaka yake, amekuwa akikusikiliza daima. Ukienda kumweleza wewe, atajua kwamba jambo limeombwa na kwamba halikuibwa.

Kuna hofu nyingine ambayo sijamwambia mtu. Naogopa kwamba utaniruhusu, nami nitakaa pale, nimwone mkwe wangu mbele yangu na mtoto wake wa kitambaa, nao ukuta usiwepo, na neno lifike kooni ligeuke. Nitakuwa nimevunja heshima na nimefeli, na nimewafelisha na wenzangu watatu. Upande wa pili, nikijitoa, nitabaki na nyumba yangu, na kila nikipita stendi nitamwona Bi Rukia akinigeuzia chapati bila kunitazama. Nimepima pande zote mbili mpaka nimechoka. Hakuna upande ambao siogopi.

Nifikishie salamu zangu kwa shemeji, mke wako, na umwambie mchicha aliotuma ulifika haujanyauka. Msalimie shangazi yetu anayelea wajukuu, na mwalimu wangu wa madrasa ambaye bado huniombea. Watoto wangu wabusu kwa niaba yangu. Kwa mke wangu sema kwamba sijabadilika. Kwa Mama Mkwe peleka shikamoo yangu kwa njia inayostahili, ikiwa bado anaikubali.

Barua hii nimempa konda wa basi la Handeni, na ameahidi kukukabidhi mkononi. Jibu lako lisingoje basi. Tumia simu ya nyumbani, uniambie neno moja tu na nitalitii, hata kama nyumba nzima inasikia, hata kama Mama Mkwe amekaa hapo hapo.

Ninaomba uniamulie kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi: nikae mbele ya mkwe wangu, au nijitoe?

Mdogo wako mtiifu,

Athumani